Dhamana ya tukio lisilorudiwa: mpiga picha wa harusi anauza nini hasa

Harusi haina marudio. Maharusi hawatavishana pete mara ya pili kwa sababu betri ilikwisha, shehe hatarudia hotuba ya nikahi kwa sababu memori kadi iligoma, na bibi mzaa mama aliyeletwa kutoka Tanga akiwa amezeeka mno pengine hatakaa tena katikati ya wajukuu wake wote waliovaa sare moja. Hapo ndipo kazi ya mpiga picha wa kulipwa inapoachana na upigaji picha wa kujifurahisha. Picha moja nzuri inaweza kupigwa na yeyote mwenye simu ya kisasa, siku ambayo mwanga umemkalia vizuri. Mteja anayetoa shilingi laki sita au milioni mbili za Tanzania analipia jambo jingine, nalo ni uhakika kwamba kila tukio muhimu la siku ile litanaswa, litahifadhiwa na litamfikia mkononi.

Nimeichagua harusi kati ya kazi zote za kamera kwa kuwa ndiyo mlango ambao vijana wengi wa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Mwanza huingilia katika kazi hii, na kwa kuwa ndani ya siku moja hukusanya karibu kila tatizo ambalo mwanga unaweza kumletea mpiga picha: jua la utosini, shela jeupe, suti nyeusi, ngozi za kila namna kuanzia maji ya kunde hadi weusi uliokolea, na ukumbi wa usiku wenye taa za zambarau. Maswali yanayowasumbua wanaoanza, yaani kamera ipi inunuliwe, flashi ya nini, bei ipangwe vipi na mkataba unasaidia nini, huonekana kama maswali manne tofauti. Kwa maoni yangu ni swali moja, na hujibika vizuri zaidi yanapoulizwa kwa pamoja.

Kamera haijui inachokitazama

Kila kamera ina kipimo cha mwanga ndani yake, na kipimo hicho kimejengwa juu ya dhana kwamba ukichanganya weusi na weupe wote ulio mbele ya lenzi, wastani wake utakuwa kijivu cha kati. Kwa mandhari ya kawaida, yenye miti, barabara, kuta na watu, dhana hiyo hufaa. Harusini haifai. Shela jeupe likijaza fremu, kamera huona mwanga umezidi, huupunguza, na matokeo yake shela hutoka la kijivu huku uso wa bibi harusi ukizama gizani. Bwana harusi akisimama peke yake na suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, kamera huona giza, huongeza mwanga, na suti hufubaa huku paji la uso likiungua kwa weupe. Watu ni wale wale, chini ya taa zile zile, lakini albamu hutoka na bibi harusi anayebadilika rangi kila ukurasa.

Dawa ya haraka ni fidia ya mwanga, kitufe kilichopo karibu katika kila kamera chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Shela likitawala fremu, ongeza hatua moja au moja na nusu. Suti nyeusi ikitawala, punguza kama hatua moja. Hatua moja maana yake ni mwanga mara mbili, au nusu yake. Njia ya uhakika zaidi ni kupima mwanga unaoangukia uso, kuweka vipimo kwa mkono, na kuviacha hapo maadamu mwanga haujabadilika, bila kujali nani ameingia kwenye fremu na amevaa nini.

Vipimo vyenyewe ni vitatu. Apacha ni upana wa tundu la lenzi, na namba yake husomwa kinyumenyume: f/1.8 ni tundu kubwa linalopitisha mwanga mwingi, f/8 ni tundu dogo. Shata ni muda ambao kihisi cha kamera, yaani sehemu inayopokea mwanga, huachwa wazi. 1/125 ya sekunde humtosha anayetembea taratibu kuelekea madhabahuni, ilhali wanaocheza muziki huhitaji 1/250 au kasi zaidi. ISO ni kiwango cha kukuza ishara ya mwanga uliopokelewa, na ikipandishwa sana picha hujaa chenga. Ukiongeza kimoja kwa hatua moja na kupunguza kingine kwa hatua moja, mwangaza wa picha unabaki ule ule, ila sura yake inabadilika: mandharinyuma hulainika au hukaza, mwendo huganda au huteleza, chenga hupungua au huongezeka.

Fundo lililokaza zaidi ni flashi. Mwako wa flashi hudumu kwa muda mfupi mno, mara nyingi chini ya 1/1000 ya sekunde inapotumiwa kwa nguvu ndogo, wakati shata inakuwa wazi kwa 1/60 au 1/125. Kwa hiyo kubadilisha kasi ya shata hakugusi mwanga wa flashi unaofika kwenye picha, lakini hugusa mwanga wa taa za ukumbi, ambazo zinawaka muda wote. Apacha na ISO hugusa vyote viwili. Aliyeelewa hilo anaweza kuuendesha mwanga wa uso na mwanga wa ukumbi kila mmoja kivyake: shata inaamua mapambo na taa za jukwaani zionekane kwa kiasi gani, nguvu ya flashi inaamua uso uangaze kwa kiasi gani. Asiyeelewa hutoa picha za watu wenye nyuso nyeupe waliosimama katika giza totoro, kana kwamba karamu ilifanyika pangoni, na kamati iliyolipa fedha nyingi kwa mapambo haitayaona mapambo yake. Mpaka wa mbinu hii ni kasi ya shata ya takriban 1/200 au 1/250 kwa kamera nyingi. Ukiipita bila kubadili namna flashi inavyowaka, sehemu ya picha hufunikwa na utepe mweusi.

Wengi hufundishwa kuielekeza flashi darini ili mwanga urudi ukiwa laini. Ni ushauri mzuri kama dari ni nyeupe na iko chini. Kumbi nyingi za mijini zina dari ya juu iliyofunikwa vitambaa vya rangi, na mwanga ukigonga kitambaa cha bluu hurudi na ubluu wake usoni mwa watu. Afadhali flashi iwekwe kwenye stendi, ndani ya mwavuli mweupe, pembeni mwa jukwaa. Hapo tena kuna kanuni ya kuheshimiwa: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo. Wazazi wakiwa mita 2 kutoka kwenye flashi na wajomba mita 4, wajomba watapata robo ya mwanga wa wazazi, na hakuna uhariri utakaowasawazisha bila kuacha alama. Isogeze flashi mbali na kundi zima, na tofauti hiyo hupungua.

Kuna tatizo jingine ambalo halitajwi mara nyingi. Umeme wetu wa gridi ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazotegemea umeme huo hupungua na kuongezeka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini shata ya kasi kubwa huona, hasa kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) inapotumiwa kwa shata ya kielektroniki isiyotoa sauti, ile inayopendwa kanisani. Picha hutoka na mistari ya giza na mwanga kuvuka nyuso za watu. Kutumia shata ya kimakanika kwa 1/100 au 1/50 huondoa sehemu kubwa ya tatizo, na anayerekodi video achague fremu 25 kwa sekunde badala ya 30. Taa za LED za madisko na skrini za ukutani zina midundo yake yenyewe, hivyo jaribio la dakika mbili kabla wageni hawajafika halina mbadala.

Ngozi na jua

Upigaji picha wa rangi haukuanza kwa kutufikiria sisi. Kwa miongo kadhaa, kuanzia katikati ya karne ya 20, maabara za kusafisha picha zilisawazisha mashine zao kwa kadi za kampuni ya filamu ya Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi nyeusi ilipotoka bila umbo, ikabaki macho na meno tu, kosa halikuonekana kuwa la filamu. Malalamiko ya viwanda vya chokoleti na vya samani za mbao, ambavyo bidhaa zao za kahawia zilikuwa zikitoka vibaya kwenye matangazo, yalikuwa miongoni mwa yaliyosukuma marekebisho. Studio za pwani za nyakati hizo, kama Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930, zilijenga sifa zao kwa filamu ya nyeusi na nyeupe, ambako umbo la uso lilitegemea taa iliwekwa wapi.

Somo hilo bado ni hai, maana ngozi nyeusi hujieleza kwa mng'ao wake. Chanzo kikubwa cha mwanga, kama dirisha pana, mlango wa baraza ulio wazi au mwavuli uliosogezwa karibu, huacha mng'ao mpana na laini unaofuata shavu na taya. Chanzo kidogo na kikali, kama flashi tupu iliyo juu ya kamera, huacha nukta nyeupe za jasho kwenye paji la uso na kuacha sehemu nyingine zote bila umbo. Mwanga ukitoka pembeni, uso hujengeka. Ukitoka mbele moja kwa moja, hubapa.

Na hapa nasema bila kuuma maneno kuhusu uhariri. Desturi ya kuwang'arisha maharusi kwa programu hadi wafikie rangi ambayo ndugu zao hawaitambui ni udhaifu wa kazi, na ni dharau kwa mteja hata pale anapoiomba. Mara nyingi anayeiomba amezoea picha zilizopigwa vibaya, ambamo rangi yake ilitoka kama majivu, na anadhani dawa ni weupe. Mpe picha moja ambayo weusi wake umekolea, una joto na una mng'ao, na mara nyingi ombi hilo hulisikii tena.

Jua letu nalo lina tabia yake. Karibu na ikweta huzama likishuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, hivyo ule mwanga wa dhahabu unaotajwa katika masomo mengi yaliyoandikwa Ulaya, wa saa nzima au zaidi wakati wa kiangazi, kwetu hudumu kwa kadiri ya dakika 25. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi, mwaka mzima. Misa ikiisha saa kumi na moja na msafara ukakwama kwenye foleni, picha za ufukweni zimekwenda. Mpiga picha anayejua hilo huiambia kamati mapema, wakati ratiba bado ni ya penseli. Ikibidi kupiga saa saba mchana, awapeleke maharusi barazani au kwenye kivuli cha jengo, si chini ya mwembe, kwa sababu majani hutia ukijani usoni na mianya yake huacha mabaka ya jua kwenye shela.

Vifaa kwa mpangilio wa haja

Sasa swali la kamera linajibika. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera nyingi za kuanzia, ikivutwa hadi mwisho wake, hufungua f/5.6 tu. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa katika kila kampuni, hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Kuhama kutoka kihisi kidogo cha aina ya APS-C kwenda kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, ambako huongeza bei ya kamera kwa mamilioni, huleta faida ya mwanga ya takriban hatua moja, yaani mara mbili na kitu. Mwenye fedha kidogo aanze na lenzi, kisha flashi mbili zenye kuwashwa kwa mawimbi ya redio, na ndipo afikirie mwili wa kamera wenye kihisi kikubwa.

Ila kabla ya kuukimbilia mwili mkubwa, kuna mwili wa pili. Kwa anayeuza uhakika, kamera mbili za kawaida zina thamani kuliko moja ya kifahari, kwa kuwa kamera huharibika, huanguka na hulowa. Kwa sababu hiyo hiyo kamera yenye nafasi za memori kadi mbili, inayoandika picha kwenye zote kwa wakati mmoja, ni ya kutafutwa kuliko yenye megapikseli nyingi. Betri ziwe nne, kadi ziwe nyingi zenye ukubwa wa wastani. Faili ziwe ghafi, zile za RAW, kwa sababu JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi wakati faili ghafi ya biti 14 huhifadhi 16,384, na tofauti hiyo ndiyo inayookoa shela lililokaribia kuungua.

Vifaa vilivyotumika ni njia halali ya kuanzia, ukijua pa kutazama. Idadi ya mapigo ya shata huonyesha kamera imefanya kazi kiasi gani, na kamera nyingi zimekadiriwa kudumu kati ya mapigo 100,000 na 200,000 au zaidi kidogo. Lenzi imulikwe kwa tochi ya simu kutoka nyuma, huku apacha ikiwa wazi kabisa, na mnunuzi achungulie kutoka mbele. Nyuzi nyembamba zinazotambaa kama mizizi juu ya kioo cha ndani ni kuvu, na kuvu hiyo ndiyo adui mkubwa wa lenzi pwani. Huota palipo na unyevu na giza, yaani ndani ya begi lililosukumwa uvunguni. Sanduku lisilopitisha hewa, vifuko vya silika vinavyokaushwa mara kwa mara, na kipimo kidogo cha unyevu kinachosoma kati ya asilimia 40 na 50 vitaziokoa lenzi za mamilioni kwa gharama ndogo sana. Siku ya kazi, anayetoka kwenye gari lenye kiyoyozi kuingia kwenye joto la Mombasa aliache begi likiwa limefungwa kwa nusu saa, la sivyo lenzi itafunikwa na mvuke wakati bibi harusi anashuka.

Saa zisizoonekana

Wageni wanapoondoka ukumbini, nusu ya kazi haijaanza. Harusi ya picha 2,000 kwa kamera ya megapikseli 24 huzaa faili ghafi za karibu gigabaiti 60, na hadi zihamishwe, siku nzima ya familia iko ndani ya kadi zenye ukubwa wa ukucha. Kanuni inayokubalika ni nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mahali pengine. Kwa vitendo, kadi zenyewe hazifutwi hadi kazi ikabidhiwe, diski moja hubaki ofisini, diski ya pili hulala nyumba nyingine, na anayemudu huziweka pia mtandaoni. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, faili zinaweza kuharibika, hivyo kompyuta iwe na betri inayofanya kazi au iunganishwe na kifaa cha akiba ya umeme. Familia hurudi hata baada ya miaka, mara nyingi baada ya msiba, zikitafuta picha safi ya marehemu ambayo walikumbuka ilipigwa harusini. Muda wa kuhifadhi utajwe kwenye mkataba, lakini diski ni rahisi kuliko aibu ya kumwambia mfiwa kwamba ulifuta.

Hapo ndipo bei inapotoka. Tuchukue mfano wa kazi ya shilingi 600,000 za Tanzania. Vifaa vyote vimegharimu milioni 9 na vitadumu miaka mitatu; akipata harusi 30 kwa mwaka, kila harusi inabeba 100,000 za uchakavu. Msaidizi analipwa 80,000, usafiri ni 40,000, bando na umeme 20,000, albamu 150,000. Zinabaki 210,000. Siku yenyewe ilikula saa 12, na kuchambua, kuhariri na kupanga albamu kulikula saa 20. Mgawanyo wake ni chini kidogo ya shilingi 6,600 kwa saa, kabla ya kodi ya pango na ya serikali. Wengi wanaokubali laki mbili hawajawahi kuiandika hesabu hii, na ndiyo sababu kamera yao ikifa baada ya miaka mitatu hawana ya kununulia nyingine. Mteja akiomba kupunguziwa, kinachopunguzwa kiwe kazi: albamu iondolewe, saa zipungue, sherehe ya kumuaga binti itolewe kwenye kifurushi. Anayepunguza bei huku kazi ikibaki ile ile amekubali kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha.

Kianzio cha nusu kilipwe ndipo tarehe ifungwe, na salio limalizwe kabla ya albamu kukabidhiwa. Huu si ukali. Tarehe aliyofungiwa mteja mmoja ni tarehe ambayo wengine wote walikataliwa.

Karatasi, na picha zisizotakiwa kuonekana

Mkataba wa kurasa mbili unatosha, mradi useme nani atapigwa, saa ngapi hadi saa ngapi, picha ngapi zitakabidhiwa na lini, nini kitatokea tukio likiahirishwa, na nani ana haki gani juu ya picha. Hilo la mwisho hupuuzwa, nalo ni zito. Nchini Kenya, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinaeleza kwamba kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wamekubaliana vinginevyo. Mpiga picha wa Nairobi anayedhani picha ni zake kwa sababu alibonyeza yeye anaweza kujikuta hana haki hata ya kuziweka kwenye ukurasa wake wa matangazo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na huku pia maandishi ya pande mbili huondoa ubishi ambao maneno ya mdomo huuzaa.

Kuwa na hakimiliki, hata hivyo, hakumpi mtu ruhusa ya kuianika sura ya mwingine. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu inayotambulika ni taarifa yake. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na sehemu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Kwa hiyo ridhaa ya kutangazia kazi iwe kifungu chake, chenye mahali pa kuweka saini, na jibu la hapana lisimpandishie mteja bei.

Pwani ya Waswahili ina shughuli ambazo hukumu yake ni kali kuliko ya sheria. Usiku wa kupamba Mombasa au Lamu ni wa wanawake peke yao; bibi harusi hukaa kwenye kiti chake cha enzi bila buibui, wageni wamevaa wanavyotaka kuvaa mbele ya wenzao, na simu mara nyingi hukatazwa mlangoni. Mpiga picha anayeruhusiwa kuingia ni mwanamke, na amana aliyopewa ni kubwa kuliko ya mwanamume yeyote anayepiga sherehe ya wazi, kwani picha moja ikivuja inaweza kuvunja heshima ya nyumba nzima. Katika kazi hii kanuni ya nakala tatu inagongana na siri. Njia ya kati ni kuandika kabla: nakala mbili tu, kwenye diski zenye nywila, hakuna hifadhi ya mtandaoni, uhariri ufanywe na mwanamke, makabidhiano yawe mkono kwa mkono, na kila kitu kifutwe mteja anapothibitisha kwamba zake zinafunguka. Dada anayejulikana kwa kulitimiza hilo hahitaji tangazo. Mama mmoja humtaja kwa mwingine.

Kazi ya kamera haiishii harusini, na wanaodumu ni wale wanaoziacha kazi zao ziwalishe zaidi ya mara moja. Mpiga picha wa habari Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, hapo Dar mwaka 1963 akiwa kijana wa takriban miaka 20. Dunia inamkumbuka kwa picha za njaa ya Ethiopia alizozirekodi Korem Oktoba 1984 pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Kwa anayejenga kazi, kuna la kuzingatia katika namna alivyofanya: alipiga picha za mnato na za filamu, aliviuzia vyombo vingi vya habari, na aliitunza hazina yake ya picha hivi kwamba imeendelea kutumika baada ya kifo chake katika ajali ya ndege karibu na Komoro, Novemba 1996. Mpiga picha wa leo anayepiga vyumba vya hoteli Nungwi, bidhaa za duka la Kariakoo au ripoti ya mradi wa maji anaweza kuuza leseni ya matumizi kwa muda na mahali maalumu, kisha picha hiyo hiyo ikaombwa tena. Harusini nafasi hiyo ni finyu, na ndiyo sababu wengi huitumia kama msingi wa kipato huku wakijenga tawi la pili taratibu. Picha za pasipoti, ambazo wengi huzidharau, zina sifa moja ambayo harusi haina: huingia kila siku, hata mwezi wa Ramadhani na Kwaresima, ambapo kumbi nyingi hutulia.

Anayetaka kuingia, njia ninayoiamini ni ya kubeba stendi za mtu mwingine kwa msimu mzima. Msaidizi huona mambo ambayo masomo ya video hayaonyeshi: namna mpiga picha mkubwa anavyomwomba shangazi asogee bila kumwudhi, namna anavyojua dakika tano kabla kwamba mshereheshaji anakaribia kuita keki, namna anavyobadilisha kadi bila kutazama mikono yake. Baada ya hapo msaidizi hupewa kamera ya pili, apige kutoka pembeni wakati mwenye kazi amesimama mbele, na picha zake zilinganishwe na za mwenzake jioni hiyo hiyo. Kazi ya kwanza ya kusimama peke yake iwe ya mchana na ndogo, ubatizo au hitima ya nyumbani, na malipo yake yaandikwe kwenye karatasi hata kama mteja ni jirani. Ukumbi wa usiku usubiri hadi awe na kamera ya pili begani, hata kama ni ya kuazima.